Rangi Gani kwa Boti Kuukuu ya Faiba?



Mama mmoja wa Mtongwe, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, ametuletea swali. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, amewaachia yeye na wanawe boti ya faiba iliyokwisha kupauka, yenye nyufa za hapa na pale, ambayo kwa miaka mingi ilivusha abiria na kubeba wavuvi. Fundi ametaja ujira wasioumudu. Vijana wake wawili wamesema wataipaka wenyewe wakati wa likizo. Duka la kwanza limewaambia wanunue rangi ya mafuta, hii ipakwayo milango. La pili limewaambia wanunue rangi ya makopo mawili inayopulizwa kwa mashine, kama ile ya magari. Mama auliza: ashike lipi?

Swali hili tumelipitia. Sisi wenyewe, ndugu wanne, tuliipaka boti ya marehemu baba yetu, na tuliipaka mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuona boti: Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Riziki ndiyo iliyotupeleka huko, kama ilivyowapeleka wengi wa watoto wa Pwani. Boti ilikuwa imelala miaka minne chini ya mkwaju huko Mtwapa, na kila tuliporudi kwa Idi tuliikuta imezidi kupauka. Hatukuwa na siku za kutosha za kukaa Mtwapa na kuifanyia kazi, nayo kazi ya namna hii hailazimishwi kuisha kwa siku tatu. Basi jirani yetu mwenye lori, ambaye hupeleka mizigo Mombasa na mara nyingine hurudi na gari tupu, akakubali kutupandishia. Ikashushwa uani kwetu asubuhi ya Jumamosi moja mwezi wa Julai, futi 23 kutoka omo hadi tezi, ikawekwa juu ya magogo na matairi makuukuu.

Kitengela nzima ilipita kutazama. Watoto wakaiita safina ya Nabii Nuhu. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha mbuzi wake alisimama, akaegemea fimbo, akauliza kwa adabu kubwa bahari yenyewe itafika lini. Hakutaka kutudhihaki. Ziwa lijulikanalo la kaunti ile ni Magadi, na magadi yake sisi twayajua jikoni tu, tunapotaka maharagwe yalainike upesi.

Kosa letu la kwanza tulilifanya wiki ileile. Tulikuwa na kopo la rangi ya mafuta lililobaki baada ya kupaka lango. Tukasema, hebu tujaribu kipande kimoja karibu na tezi, tuone itakavyopendeza. Tuliosha kwa sabuni, tukaacha ikauke, tukapaka. Siku mbili iling'aa kama sahani mpya. Wiki ya pili mtoto aliikwaruza kwa ukucha ikatoka vipande virefu kama ganda la ndizi. Rangi ile haikuwa mbovu, kwani langoni ipo hadi leo. Ubovu ulikuwa chini yake.

Mwili wa boti ya faiba, kwa nje, una ngozi nyembamba inayoitwa jelikoti. Hiyo ndiyo iliyompa baba ule weupe uliokuwa ukimeta chombo kilipokuwa kipya. Jua huila mwaka baada ya mwaka mpaka inageuka unga. Pitisha kiganja nacho kitatoka cheupe kama kilichoshika chokaa. Rangi ikipakwa juu ya unga hushika unga, haishiki boti. Tena kuna adui wa pili asiyeonekana: nta. Kiwandani boti hutolewa katika kalibu iliyopakwa nta, na wenye boti nao huisugua kwa nta ili ing'ae. Nta haipatani na rangi yoyote duniani. Ukianza kwa msasa kabla ya kuiondoa, unaisukumiza ndani ya mikwaruzo, nayo itakungoja humo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mama wa Mtongwe na vijana wake waanze na majaribio matatu, ambayo hayagharimu kitu. Kwanza, wagonge mwili mzima kwa sarafu au kwa mpini wa kisu, pole pole. Penye uzima palia sauti kavu na kali. Pakilia kama kibuyu chenye maji, faiba imeachana kwa ndani, na hapo ni kazi ya fundi wa faiba kwanza, rangi baadaye. Pili, baada ya kuosha na kufuta nta, wamwagie maji safi ubavuni. Maji yakitandaa kama shuka, nta imetoka. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la myugwa, bado ipo. Nta hufutwa kwa dawa yake au kwa asetoni, kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, kingine kinafuta papo hapo kabla haijakauka, na vitambaa vibadilishwe mara kwa mara. Sisi tulitumia kitambaa kimoja nusu siku nzima, tukawa twaihamisha nta kutoka omo kwenda tezi.

Jaribio la tatu ndilo lililotuamulia jambo letu lote. Ikiwa boti imewahi kupakwa rangi, chukua kitambaa, kilowe tina, kibandike juu ya rangi ile dakika chache, kisha sugua. Rangi ikilainika na kutoka na kitambaa, ni rangi ya kopo moja. Ikikaa imara, yaelekea ni ya makopo mawili, ile inayochanganywa na hadena. Kanuni yake ni hii: rangi ya kopo moja yaweza kupakwa juu ya ya makopo mawili iliyopigwa msasa vizuri, lakini ya makopo mawili haipakwi juu ya ya kopo moja. Tina yake kali huichemsha ile ya chini, ikakunjamana kama uso wa maziwa yaliyoganda, na kazi yote ikaharibika mbele ya macho. Mbavu za boti ya baba zilikuwa na tabaka tatu au nne za rangi ya kopo moja, kila moja kumbukumbu ya Ramadhani fulani alipoipendezesha kabla ya Idi.

Nasi kabla ya kulifanya jaribio hilo tulikwisha kushawishika. Katika duka moja la Industrial Area, Nairobi, muuzaji mwenye maneno matamu alitueleza habari za rangi ya makopo mawili ya poliuretheni. Kwa haki yake, aliyoyasema juu ya uimara yalikuwa kweli. Ni ngumu, hung'aa kama kioo, hulihimili jua, na huweza kudumu mara mbili au zaidi ya ile ya kopo moja. Alitukodishia na mashine ya kupulizia. Tulirudi Kitengela tumebeba furaha.

Dada yetu mkubwa ana pumu. Ni yeye aliyeketi jioni ile na karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye kopo la hadena, akaisoma neno kwa neno kama asomavyo karatasi ya dawa za watoto. Humo akakuta neno isosianati. Kemikali hiyo ndiyo inayoigandisha rangi ikawa ngumu. Ikipulizwa kwa mashine hugeuka ukungu mwembamba, na ukungu huo ukivutwa huweza kumsababishia pumu hata mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Tena mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo mno baadaye chatosha kuleta shambulio. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Mafundi wanaoipuliza kila siku hutakiwa wavae vifaa vinavyowaletea hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Sisi tulikuwa na ua wa futi 50 kwa 100, ukuta wa jirani upande huu na dirisha la jikoni upande ule. Shule zimefungwa kwa likizo ya Agosti, watoto saba wakizunguka boti kutwa. Na mke wa kaka yetu alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kaka alisema tutawapeleka watoto Kajiado mjini kwa siku moja. Dada akamuuliza na jirani je, na mtoto wake mchanga, tutampeleka wapi? Pakawa kimya. Kesho yake tulirudisha mashine, na makopo tuliyouziwa tukayarudisha kwa hasara kidogo.

Hapo ndipo tulipofikia rai yetu, ambayo twamwambia mama wa Mtongwe bila kuzunguka: anunue rangi ya kopo moja iliyotengenezwa kwa vyombo vya baharini, si ya milango wala ya magari, na aipake kwa rola na brashi. Itadumu miaka michache kuliko ile nyingine. Lakini ikichubuka huirekebisha mwenyewe Alhamisi jioni, Ijumaa ikawa kavu. Makosa yake husameheka. Na haihitaji mtu ahame nyumba yake. Hata hiyo ina tina inayoumiza kichwa, basi ipakwe penye hewa, mikono iwe ndani ya glavu. Vitambaa vilivyolowa rangi na mafuta visikunjwe na kutupwa pembeni, kwani huweza kujipasha moto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandazwe nje vikauke au vilowekwe majini.

Kuna jambo jingine lihusulo watoto. Rangi za zamani zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Watu wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana, kwani wa Owino Uhuru waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamua mwezi wa Julai 2020 wafidiwe shilingi bilioni 1.3. Boti moja si kiwanda, ila vumbi la rangi ya miaka ya nyuma si la kuchezewa pia. Sisi hatukupiga msasa mkavu hata siku moja. Tulitumia msasa wa maji, tukianza na namba 80 palipokuwa pabaya, kisha 120, tukamalizia 220. Chini tulitandika turubai, tope lake tukalizoa, nguo za kazi tukazifua mbali na za watoto. Na dawa za kubabua rangi, zile za mbao na vyuma, zisiguse faiba. Hula rangi kisha hula na jelikoti.

Palipokuwa pametoboka au pamepasuka tulijaza puti ya epoksi. Juu ya sehemu zilizoonyesha faiba tupu tulipaka rangi ya msingi ya epoksi. Hiyo nayo ni ya makopo mawili, lakini haina isosianati, na tuliipaka kwa brashi penye upepo tukiwa na glavu, kwani ngozi huikataa. Kisha kwingineko kote tukapaka rangi ya msingi ya kampuni ileile iliyotengeneza rangi ya juu. Katika hili tusifanye ubahili wa kuokota kopo hili hapa na lile pale. Rangi za nyumba tofauti hazipatani kila mara, na zikigombana hakuna wa kumlalamikia.

Sasa chini ya mstari wa maji. Hili wengi hukosea, na muuzaji asipoulizwa hasemi. Rangi ya juu ya boti, iwe nzuri namna gani, haikuundwa kukaa majini mchana na usiku. Ikizama kwa siku nyingi hufura malengelenge. Ikiwa boti ya mama hupandishwa mchangani kila jioni, yaweza kustahimili. Ikiwa hulala majini, basi chini ipakwe epoksi ya kuzuia maji, na juu yake rangi maalumu ya kuzuia viumbe wa bahari wasigande, ambayo nyingi zina shaba ndani yake. Hiyo ni sumu kwa makusudi. Zamani ilikuwapo nyingine kali zaidi, yenye kemikali ya bati iitwayo TBT, iliyowadhuru chaza na konokono wa bahari hata ikapigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008. Kopo kuukuu la namna hiyo likionekana stoo ya babu, lisifunguliwe.

Tulipomweleza ami yetu haya yote kwa simu alicheka. Alisema wazee wao walikuwa na makopo mawili pia: moja la sifa, mafuta ya maini ya papa, kwa mbao za juu, na jingine la shahamu iliyopondwa na chokaa, kwa chini ya maji. "Na harufu yake, wanangu, hakuna mwanamke aliyekubali ipikwe karibu na jiko lake." Tukamwambia mambo hayajabadilika sana.

Juu ya hali ya hewa, Kitengela ilitufunza subira. Julai yake ni baridi na mawingu, usiku hushuka mpaka rangi inakataa kukauka, na alfajiri umande umetanda juu ya kila kitu. Tulipaka koti la kwanza saa kumi jioni. Asubuhi tukalikuta limefifia, halina mng'ao, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Umande ulilikuta bado bichi. Tukalipiga msasa upya. Baada ya hapo tukangoja mwisho wa Agosti, tukawa twaanza saa tatu asubuhi, umande umeondoka na upepo haujaamka. Kwani ikifika saa sita huja vumbi, la udongo mkavu na la barabara, na mara nyingine twadhani la viwanda vya saruji vya Mto Athi, nalo hupenda rangi mbichi kuliko nzi apendavyo embe. Kwa mama wa Mtongwe hesabu ni nyingine: baridi hana, lakini ana chumvi. Aoshe boti kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi kabla ya kila koti, aipake kivulini, na kama anaweza kungoja, Januari na Februari wakati wa kaskazi ndiyo miezi mikavu.

Kipimo chake ni rahisi. Boti yetu ina urefu wa mita 7 na ubavu wa kama senti 70 juu ya maji. Mbavu mbili ni takriban mita 10 za mraba, na tezi huongeza kidogo. Lita moja hutosha mita 10 hadi 12 kwa koti moja. Makoti matatu, basi, lita nne zilitutosha na zikabaki. Mmoja alitangulia na rola ya sponji, akitandaza nyembamba. Wa pili akamfuata nyuma yake papo hapo na brashi laini, akipitisha ncha tu, bila kukandamiza, ili kuvunja vipovu. Kazi hii yataka watu wawili wanaopatana. Kaka na dada walijaribu wakashindwa; wadogo wawili ndio walioimaliza, bila kusemezana.

Rangi yenyewe tuliibishania zaidi ya yote. Kaka alitaka kijani kilichoiva. Rangi nzito juani hushika moto hata kiganja kisivumilie, na faiba haipendi joto la namna hiyo. Tena huonyesha kila kibonyeo na kila puti. Tukachagua nyeupe iliyoelekea maziwa, na utepe wa buluu chini ya ukingo, kwa kuwa baba aliupenda. Jina la boti aliliandika mama yetu kwa mkono wake, kwa brashi ya watoto ya shule.

Ilishuka Mtwapa kwa lori lilelile mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikianza. Ami aliizunguka mara mbili, akapitisha kidole, akasimama karibu na omo upande wa kulia ambapo pana mchirizi mrefu wa rangi tulioupaka nene Ijumaa moja tukikimbilia adhana. Alituuliza ni nani. Hakuna aliyejibu. Mchirizi upo hadi leo, na nusu lita iliyobaki iko stoo, kifuniko kimefungwa kwa nailoni, tarehe imeandikwa juu.